UZI: Tom von Prince, "Bwana Sakarani": askari wa Uhehe aliyegeuka mlowezi wa Usambara (1890–1914)

#1 Lipuli (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, ukifika Soni kuna njia inachepuka kwenda Sakharani. Leo watu wanapajua kwa Wabenediktini, divai na makadamia. Wachache wanajua kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyohuyo Iringa anakumbukwa kwa sura nyingine kabisa.

Alikuwa Tom Prince, baadaye Tom von Prince. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba Mwingereza, mama Mjerumani, akakulia Ulaya na kuingia jeshi la Ujerumani. Katika masomo ya kijeshi kule Kassel alikuwa pamoja na Paul von Lettow-Vorbeck, jambo litakalorudi mwishoni mwa maisha yake. Alifika pwani yetu mwaka 1890 hivi, wakati kikosi cha Wissmann kilichomshinda Abushiri kinageuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Januari 1893 alikuwa luteni aliyevunja boma la mtemi Isike kule Unyanyembe. Isike alijilipua kwenye ghala la baruti kuliko kushikwa mzima. Mwaka 1896 akaanzisha kituo cha Iringa, na hadi 1898 ndiye aliyeongoza msako wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwaka 1900 akavua sare, yeye na mkewe Magdalene wakahamia Usambara kulima. Agosti 1914 akavaa sare tena. Tarehe 4 Novemba 1914 akauawa Tanga.

"Sakarani" ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, maana yake mlevi. Inaelezwa kwamba aliitwa hivyo kwa namna alivyoingia vitani kama mtu aliyelewa, bila kujali.

Ninaloliweka mezani ni hili. Vitabu vinamgawa vipande viwili: askari hadi 1900, mkulima baada ya hapo. Mimi nasema ukiangalia vitu vilivyomwezesha kuishi (mpagazi, posho, kodi, boma) utakuta ni vilevile Iringa na Usambara. Naomba wenye ujuzi wa misafara ya kivita, ardhi, mazao na nyaraka waje na vipimo. Tuandike tunachokijua kwa uhakika.

#2 Kihesa Kilolo

Mleta mada, kwa hiyo ndiye aliyemuua Mkwawa? Vijiweni ndivyo inavyosemwa.

#3 Lipuli

Hapana, mkuu. Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Doria iliyomkuta iliongozwa na sajini meja Merkl. Walisikia mlio, wakanyemelea, wakaona watu wawili wamelala. Merkl akafyatua akidhani wako hai, kumbe Mkwawa alishakufa. Kichwa kilikatwa na kupelekwa kituoni kwa Prince.

Alichofanya Prince ni kuweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Ili kuelewa ukubwa wa fedha hizo: kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Zawadi hiyo ni kodi ya zaidi ya nyumba 1,600. Mshahara wa askari ulikuwa kati ya rupia 20 na 30 kwa mwezi, kwa hiyo askari wa rupia 20 angeifikia baada ya miezi 250, yaani miaka 20 na zaidi, na hapo hajala.

Kuhusu fuvu: ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles iliitaja kwa jina, lakini lilirudi 1954 tu, gavana Twining alipolikabidhi. Lipo Kalenga.

#4 Mzigo wa Kichwa

Nachangia upande wa misafara, maana bila hesabu ya chakula vita vya Uhehe havieleweki.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Posho ya kawaida ni kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Pishi ni vibaba vinne na ina uzito wa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo kibaba ni kama kilo 0.68. Askari mara nyingi alipewa zaidi, lakini tuchukue kibaba kimoja kwa wote ili hesabu iwe nyepesi.

Chukua msafara wa askari 100 na wapagazi 150 wa risasi, mahema, dawa na vitu vya maofisa. Watu 250 wanakula kilo 170 kwa siku, yaani mizigo karibu 6. Ukitaka kwenda siku 10 bila kugusa ghala la mtu, unahitaji wapagazi wa chakula. Tatizo ni kwamba nao wanakula. Ukiwahesabu na wao, unapata hivi:

siku 10: wapagazi wa chakula 74
siku 20: wapagazi 208
siku 30: wapagazi 532

Ukifika siku 44, hesabu inakufa. Mpagazi mmoja anamaliza kilo zake 30 mwenyewe kwa siku 44, hakuna punje inayobaki kwa askari hata ukiongeza watu elfu kumi.

Kwa hiyo hakuna msafara wa kijeshi uliokaa porini miezi kwa chakula cha kubeba. Uliishi kwa vihenge vya wakulima. Mfumo wa Prince tangu 1896 ulijengwa juu ya ukweli huo: kituo cha kudumu Iringa, doria ndogondogo zinazozunguka, kila doria inakula inapopita, na kile isichoweza kula inachoma ili Mkwawa asikipate. Ng'ombe walichukuliwa, mashamba yakaharibiwa, waliompa Mkwawa chakula wakaadhibiwa. Njaa iliyofuata ndiyo ilikuwa silaha yenyewe, na waliouawa nayo wengi hawakuwahi kushika mkuki vitani.

#5 Kihesa Kilolo

Asante mkuu #4. Hiyo ya siku 44 sikuwahi kuiona imepigwa hesabu. Je, Mkwawa hakuwa na tatizo hilohilo?

#6 Mzigo wa Kichwa

Alikuwa na faida mbili. Watu wake walikwenda wachache wachache, na walilishwa na ndugu zao kwa hiari. Mtu mmoja akipewa kibaba kwenye nyumba tofauti kila usiku, hakuna anayeumia. Watu 250 wakilala kijiji kimoja usiku mmoja, wamekula kilo 170 na kijiji kidogo kimebaki na mbegu tu.

Ndiyo maana Prince alihangaika kupata mtawala wa Kihehe wa kuwatenga watu na Mkwawa. Desemba 1896 alimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa. Februari 1897 Mpangile huyohuyo akauawa kwa amri ya kituo, akishukiwa kuwasiliana na kaka yake. Utawala wake haukufika hata miezi mitatu. Baada ya hapo ndipo njia ya kuchoma na kuhamisha watu ikawa kali zaidi.

#7 Bunduki Kumi na Moja

Kidogo kuhusu silaha, kwa sababu jambo hili linaanzia Uhehe na kuishia Tanga.

Askari alibeba Mauser ya modeli 71, fupi, kipenyo cha milimita 11. Sifa zake: risasi moja kwa wakati (unafungua komeo, unatia risasi, unafunga, unafyatua), kichwa cha risasi ni madini ya risasi tupu, gramu 25, na baruti ni ile nyeusi. Baruti nyeusi ina kasoro kubwa: kila mlio unatoa wingu jeupe la moshi. Aliyejificha kichakani akifyatua mara moja, adui anajua alipo. Kikundi kizima kikifyatua kwa pamoja asubuhi isiyo na upepo, baada ya milio mitatu minne hakioni tena mbele. Pia masizi ya baruti yanagandamana kwenye mtutu na kuvuta unyevu, kwa hiyo isiposafishwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo inapata kutu, hasa masika.

Katika vita vya Uhehe kasoro hiyo haikuumiza sana, maana magobori nayo hutoa moshi. Ikumbukwe tu kwamba Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, silaha hazikumsaidia Zelewski, mkuu wa Schutztruppe (aliyeitwa Nyundo), kwa sababu safu yake ilikuwa ndefu ya watu mmoja mmoja njiani na Wahehe walitokea ubavuni karibu mno. Bunduki ya risasi moja inahitaji umbali. Ukiwa hatua 30 mtu wa mkuki anakufikia kabla hujatia risasi ya pili. Wahehe walipata bunduki zapata 300 siku ile.

Sasa shika hili: mwaka 1914 makampuni (kombania) mengi ya Schutztruppe bado yalikuwa na modeli 71. Nitarudi tukifika Tanga.

#8 Mwana wa Vugha

Naomba turekebishe jambo kabla halijasambaa. Kuna wanaosema Sakarani ndiye aliyeanzisha mji wa Lushoto. Si kweli. Kituo cha Wajerumani upande huu kilianzia Mazinde, chini nyikani, kwenye njia ya misafara alipokaa chifu Semboja. Baadaye kikapandishwa milimani, Lushoto, nao wakapaita Wilhelmsthal. Prince alipofika 1900 boma lilikuwepo, na mlango wa ardhi ulikuwa umeshafunguliwa. Mputa, mwana wa Semboja aliyetawala Vugha (makao ya wafalme wa Wasambaa), alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895, na Kinyashi akasimikwa. Mlowezi aliikuta nchi ambayo mfalme wake ameshavunjwa.

Kuhusu ardhi. Amri ya Novemba 1895 ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Tume ya ardhi ikija kupima, wenyeji waachiwe eneo mara nne ya lile wanalolima. Ukisoma haraka, mara nne inaonekana ni ukarimu. Hapa ndipo penye kosa, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu athari zake bado zinaonekana kwenye mipaka ya vijiji.

Msambaa hulima mahali pawili. Kijiji hukaa karibu na ukingo wa mlima: juu kuna migomba, chini nyikani kuna mahindi. Mvua ikikosa huku, huenda ikanyesha kule. Shamba la juu likichoka hupumzishwa miaka kadhaa, vichaka vinaota, kisha linarudiwa. Sasa karani wa tume anakuja siku moja. Anaona migomba na shamba lenye mazao: anahesabu. Shamba lililopumzishwa lina vichaka: kwake ni pori lisilo na mwenyewe. Shamba la nyikani liko mwendo wa saa mbili kushuka: halihesabiwi, au linahesabiwa kwa mtu mwingine. Hiyo "mara nne" inazidishwa juu ya kipande kidogo kuliko ukweli. Familia ambayo mashamba yake mengi hayakuhesabiwa inaachiwa eneo ambalo halitoshi kupumzisha udongo. Kizazi kimoja baadaye udongo umechoka, na mtaalamu wa kigeni anasema Wasambaa hawajui kutunza ardhi.

#9 Kitalu cha Buni

Mimi nazungumzia kahawa, maana ndiyo iliyowavuta walowezi milima hii na ndiyo iliyowaangusha wengi.

Mahesabu yao kwenye karatasi yalikuwa mazuri. Mbuni unapandwa kwa nafasi ya mita 2.5 hadi 2.75 kila upande, hekta moja inachukua miti 1,300 hadi 1,600. Unaanza na kitalu chenye kivuli. Mche unakaa kitaluni mwaka mmoja au zaidi. Huku nyuma unachimba mashimo, sentimita 60 upana na 60 kina, udongo wa juu unawekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, shimo linaachwa wazi miezi kadhaa, halafu linajazwa kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Mche unapandwa masika. Mavuno ya kwanza ya maana ni mwaka wa tatu hadi wa nne. Kwa hiyo mlowezi anatumia fedha miaka minne mitano kabla ya kuona gunia la kuuza. Aliyetoka jeshini na akiba ndogo, hapo ndipo alipokatika.

Baada ya mavuno kazi haijaisha. Kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu zinatoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Matunda yakichumwa lazima yamenywe siku hiyohiyo. Yakilala yanachacha na ladha inaharibika. Yakishamenywa yanavundikwa saa 24 hadi 36 (baridi ya milimani inaongeza muda), yanaoshwa kwa maji mengi, yanaanikwa siku 10 hadi 14 mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi. Hakuna maji, hakuna kahawa iliyooshwa.

Kwa nini ilishindikana? Walidanganywa na msitu. Waliona miti mirefu kama minara wakasema udongo wenye kubeba msitu huu una rutuba isiyoisha. Udongo mwekundu wa Usambara umetokana na miamba ya zamani sana, umeoshwa na mvua maelfu ya miaka, una tindikali. Rutuba ya msitu haiko chini, iko juu, kwenye majani yanayooza na kunyonywa tena na mizizi ya juujuu. Ukikata msitu na kuchoma, unapata majivu ya misimu michache. Upande wa Amani mvua inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Majivu yanashuka mtoni. Miti ya kahawa ilistawi miaka mitatu, ikazaa vizuri mara moja au mbili, halafu ikaanza kukauka kuanzia ncha za matawi. Mashamba ya Derema na Nguelo, yaliyofunguliwa kwa mbwembwe miaka ya 1890, yalifika huko.

#10 Kihesa Kilolo

Si chulebuni (ule ugonjwa wa matunda ya kahawa) iliyowamaliza? Ndivyo nilivyosoma mahali.

#11 Kitalu cha Buni

Hapana. Chulebuni ilitambuliwa mara ya kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922. Walowezi wa Kijerumani walipambana na viwili vingine.

Cha kwanza ni kutu ya majani. Geuza jani, chini utaona unga wa rangi ya chungwa. Jani linaanguka, mti unabaki uchi na matunda yake.

Cha pili, kibaya zaidi kwa mti mchanga, ni bungua mweupe wa shina. Mdudu mzazi hutaga chini ya gamba, karibu na ardhi. Funza akitoka anakula gamba kuzunguka shina kwanza, kisha anaingia ndani ya mti na kupanda. Dalili ni majani kugeuka manjano bila sababu, na ukiinama pale shina linapoingia ardhini utaona unga wa mbao kama wa msumeno. Ukisukuma mti kwa kiganja unakatika hapo. Dawa ya wakati ule ilikuwa mikono: watu wakapite mti kwa mti, wakwangue gamba la chini, wachome waya tundu kwa tundu. Hekta 50 ni miti zaidi ya 65,000. Hesabu watu wanaohitajika, utaelewa kwa nini kila mlowezi alilia kuhusu vibarua kuliko kuhusu mvua.

#12 Mwana wa Vugha

Umefungua mlango niliokuwa naungojea. Vibarua.

Msambaa hakuwa na haja ya kumlimia mlowezi. Alikuwa na migomba, mahindi, mbuzi. Kwa hiyo dola ilimtafutia haja. Kwanza kodi ya 1898, rupia 3 kwa nyumba. Haikutosha, kwa sababu mtu angeweza kuuza mazao akalipa. Ndipo mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmsthal ikaanzisha kadi za kazi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi ya kufanya kazi siku 30 ndani ya miezi minne kwa mlowezi. Asiyeijaza alipelekwa kazi za serikali, hasa barabara.

Tazama tarehe zilivyogongana. Kupalilia na kuchuma kwa mlowezi kunadai watu wakati uleule masika na vuli zinapomdai Msambaa kwenye shamba lake. Siku 30 ndani ya miezi minne zinasikika chache, lakini zikiangukia wiki nne za kupanda, familia imepoteza msimu. Wengi walituma vijana wadogo na wazee, na walowezi wakalalamika kwamba kazi haifai. Mashamba makubwa ya tambarare yakategemea watu wa mkataba kutoka Unyamwezi na Usukuma, wale walioitwa manamba. Kipande chao (kadi ya kazi) kilikuwa siku 30 za kazi zilizowekwa alama. Siku ya mvua au ya homa haikupigwa alama, kwa hiyo mwezi mmoja wa kipande uliweza kuchukua mwezi na nusu wa kalenda.

Naunga mkono hoja ya mleta mada kwa ushahidi huu. Mnyapara anayekagua kadi ni mtu yuleyule wa mfumo wa doria. Kituo kilikuwa na askari, na kadi isingekuwa na maana bila askari.

#13 Reli ya Kaskazini

Naongeza usafiri kwa ufupi. Reli ilianza Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1912. Ni reli ya mita moja, kilomita 352 zote kutoka Tanga hadi Moshi.

Maana yake kwa mlowezi aliyeingia 1900: miaka mitano ya kwanza gunia lake la kilo 60 ni mizigo miwili ya kichwa, kushuka mlima hadi kichwa cha reli, popote kilipofika mwaka huo. Baada ya 1905 ni Soni kwenda Mombo tu. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini ni kona tupu.

Reli hiyo ndiyo pia iliyoamua nani atajirike. Katani inataka tambarare, mashine kubwa ya kusaga majani, maji na reli mlangoni, kwa sababu kilo 100 za majani mabichi zinatoa kilo 3 au 4 tu za nyuzi. Huwezi kubeba majani mbali. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ni 62. Kutoka hiyo 62 ndipo mashamba ya kampuni yalipozaliwa. Huo ni mtaji wa kampuni. Mlowezi wa milimani mwenye pensheni ya kapteni hakuuweza. Wengine walikimbilia mpira wa Ceara. Bei ikapanda sana 1910 na kuporomoka 1913. Mwaka uliofuata ni vita.

#14 Bunduki Kumi na Moja

Nimerudi kama nilivyoahidi. Agosti 1914.

Lettow-Vorbeck alikuwa amefika mapema mwaka huo kuongoza jeshi, na hapa ule ujuano wa Kassel ukarudi. Prince, wakati huo ana miaka 48, aliwakusanya walowezi wa kaskazini kuwa makampuni ya wapiga bunduki. Tarehe 15 Agosti 1914 aliongoza kuitwaa Taveta. Wengi wanaipita Taveta kama tukio dogo. Tazama ramani: ni mwanya kati ya Kilimanjaro na milima ya Pare. Anayeushika analinda kituo cha mwisho cha reli Moshi, na anaweza kutuma doria kulipua reli ya Mombasa upande wa pili. Wajerumani waliushika hadi Machi 1916.

Novemba, Waingereza wakaleta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India chini ya Aitken na kukishusha Ras Kasone. Lettow akawateremsha watu wake kwa treni kutoka Moshi, kampuni kwa kampuni, na siku ya mapambano makubwa, tarehe 4, alikuwa na watu karibu 1,000. Kutoka Ras Kasone hadi mjini ni kama kilomita 3, lakini ni mashamba ya mpira na vichaka, askari hamwoni mwenzake aliye ubavuni. Mstari wa Waingereza ulikatika vipande kabla haujafika. Hata hivyo askari wa vikosi vya Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles waliingia mitaani, na hapo ndipo Prince na makampuni yake mawili ya Wazungu waliporushwa kuziba. Vita vikawa vya nyumba kwa nyumba. Prince aliuawa humo.

Moshi wa modeli 71 siku ile ulikuwa mzigo kweli: Waingereza walikuwa na baruti isiyo na moshi, kila askari wa Kijerumani akifyatua anaonekana. Kilichowaokoa ni vichaka na bunduki za rashasha zilizowekwa mapema kulenga njia. Baada ya ushindi waliokota bunduki 455, rashasha 16 na risasi 600,000. Hizo ndizo zilizobadilisha silaha za makampuni kadhaa.

Na kuhusu nyuki wa Tanga, ambao husemwa kwamba Wajerumani waliwatega kuwauma Waingereza: hawakufundishwa na mtu wala kufungwa nyuzi za mtego. Mizinga ilikuwa mitini, risasi ziliipiga, nyuki wakatoka. Waliwauma wa pande zote, pamoja na wahudumu wa rashasha za Wajerumani.

#15 Kihesa Kilolo

Mke wake na shamba je?

#16 Lipuli

Baada ya vita mali za Wajerumani zilitaifishwa kama mali za adui na kuuzwa, na wenyewe wakaondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi hadi 1925. Magdalene mwenyewe alikuwa ameshaandika kumbukumbu zake za Iringa, zilizochapishwa Berlin 1903. Mzisome kwa tahadhari: ni shahidi wa kweli wa mambo ya ndani ya kituo (nani alifika, nini kililiwa, nani alinyongwa), lakini Mhehe anayezungumza humo anazungumza mbele ya mke wa mkuu wa kituo.

#17 Faili la G

Kwa wanaotaka kuchimba zaidi, njia ni hizi.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya utawala wa Kijerumani, yanaitwa mafaili ya G. Humo mna ardhi, mashamba na kodi. Berlin, kwenye Bundesarchiv, tafuta kundi la R 1001, ofisi ya makoloni. Msipoteze muda kutafuta mafaili binafsi ya maofisa kwenye hifadhi ya jeshi la Prussia; iliungua Potsdam Aprili 1945.

Kosa la kwanza la watafutaji ni jina. Kabla hajapewa cheo cha heshima aliandikwa "Prince" tu, kwa hiyo anayetafuta "von Prince" peke yake anakosa miaka yote ya Uhehe. Andikeni pia Sakkarani, Sakarani na Sakharani, na Wilhelmstal bila h.

Kosa la pili ni mwandiko. Watu husema ni Sütterlin. Sütterlin ilianza kufundishwa shuleni Prussia 1915, makarani wa koloni hawakuandika hivyo, waliandika Kurrent. Anzeni na herufi tatu zinazopotosha. "e" inaonekana kama "n" nyembamba iliyobanwa. "n" na "u" ni vijiti viwili vilevile, tofauti ni kwamba "u" ina kikunjo kidogo juu yake. "h" inashuka chini ya mstari kwa kitanzi. Chukueni ukurasa wenye majina ya mahali mnayoyajua, kama Mombo, Masinde, Wuga, mtengeneze abjadi ya karani huyo kutoka kwenye majina hayo, ndipo muanze kusoma sentensi. Karani akibadilika, mnaanza upya.

#18 Mwana wa Vugha

Nyongeza kwa #17: Vugha imeandikwa "Wuga" kwenye karibu kila ramani ya Kijerumani, na Mlalo ni "Mlalo" ileile. Kwenye mafaili ya ardhi angalieni mchoro wa mpaka uliobandikwa nyuma kabla ya kusoma barua. Mara nyingi mpima alichora vichaka kwa nukta na kuandika "Busch". Nukta hizo, kwa sehemu kubwa, ni mashamba yaliyokuwa yamepumzishwa.